Nîmes: Mamba wa Mto Nile, suruali ya jinzi na maji ya kilomita 50



Ukimwambia mtu wa nyumbani kwamba umefika Ufaransa, swali la kwanza ni kama umeuona mnara wa Eiffel, na la pili ni umemletea nini. Paris nimepita, sina neno nayo. Lakini katika toleo hili naomba niwapeleke kusini, kwenye mji ambao jina lake tunalivaa mwilini karibu kila siku bila kujua. Mji wenyewe unaitwa Nîmes, hutamkwa "Nim", uko kati ya Montpellier na Avignon, na wakazi wake ni kama 150,000 tu. Kwa ukubwa si mji wa kutisha. Kwa umri, hapo ndipo utatoa kofia.

Mimi nasomea uhandisi wa maji, niko kwenye shahada ya uzamivu, na nina miaka 30, kwa hiyo mniruhusu kuongea kidogo kama kaka mkubwa. Nimekwenda Nîmes mara mbili wakati wa likizo, na mara zote mbili nimerudi na swali lile lile. Warumi walijenga pale vitu vingi. Baadhi vimesimama mpaka leo, watu wanaingia na kutoka. Lakini kile kilichokuwa na faida kuliko vyote, yaani mfereji wa maji safi, ndicho kilichokufa kwanza. Kwa nini? Jibu lake linatuhusu sana sisi ambao kesho na keshokutwa tunarudi nyumbani na vyeti vyetu, tukitarajiwa kujenga. Basi tuanze mwanzo.

Chanzo ni chemchemi

Kama ilivyo miji mingi, Nîmes ilianza kwa sababu ya maji. Chini ya kilima kiitwacho Mont Cavalier kuna chemchemi, na kabla Warumi hawajafika, watu wa kabila la Kikelti walioitwa Volcae Arecomici walikuwa wamekaa hapo. Waliamini chemchemi ile ina mungu wake, jina lake Nemausus, na ndilo jina lililokuja kuwa la mji.

Warumi waliingia eneo hili mnamo karne ya 2 KK. Mwaka 118 KK hivi walianza kujenga barabara ya Via Domitia, ya kuunganisha Italia na Hispania, nayo ikapita hapo hapo Nîmes. Mji ukawa kituo cha njiani, ukakua, na wakati wa Kaisari Augusto ukapewa hadhi ya koloni na ukuta wa kuuzunguka wenye urefu wa karibu kilomita 6. Lango moja la ukuta huo, Porte d'Auguste, bado lipo. Lina milango minne: miwili mikubwa ya katikati kwa ajili ya magari ya kukokotwa, miwili midogo ya pembeni kwa waenda kwa miguu. Yaani mambo ya kutenganisha watembea kwa miguu na magari, ambayo miji yetu bado inahangaika nayo, wenzetu waliyafanya zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Juu ya kilima kuna mnara uitwao Tour Magne, ambao ulikuwa sehemu ya ukuta huo. Zamani ulikuwa na urefu wa mita 36 hivi, sasa umebaki kama mita 32. Mnara huu una kisa chake. Mwaka 1601 mtunza bustani mmoja, François Traucat, aliamini kwamba ndani yake kuna hazina iliyofichwa, kwa sababu ya utabiri uliokuwa ukizungumzwa wakati ule. Akapata ruhusa ya Mfalme Henri wa Nne, akachimba. Dhahabu hakuiona. Alichokitoa ni mawe ya mnara mdogo wa zamani zaidi, wa kabla ya Warumi, ambao Warumi waliuzungushia wa kwao. Kwa hiyo leo ukiingia ndani unakuta uwazi mkubwa kama tumbo la ngoma. Mnara umesimama, lakini kiini chake hakipo.

Mamba anafanya nini Ufaransa?

Ukitembea Nîmes angalia chini. Barabarani kuna vibati vya shaba vyenye picha ya mamba aliyefungwa mnyororo kwenye mtende. Nembo ya mji ni hiyo hiyo, na wala si ya juzi. Inatokana na sarafu zilizopigwa hapo Nîmes wakati wa Augusto. Upande mmoja wa sarafu kuna vichwa viwili, cha Augusto na cha rafiki yake na jemadari wake Agrippa. Upande wa pili yupo mamba, mtende na herufi COL NEM, yaani koloni ya Nemausus.

Mamba huyo ni wa mto Nile. Ni ishara ya Misri, iliyoangukia mikononi mwa Augusto mwaka 30 KK baada ya kuwashinda Kleopatra na Antonio. Wenyeji hupenda kusimulia kwamba askari waliopigana Misri ndio waliopewa mashamba Nîmes na kuhamia na mamba wao. Wanahistoria wengi wanakitilia shaka kisa hicho, wanasema sarafu ilikuwa ya kutangaza ushindi tu. Vyovyote iwavyo, mwaka 1535 Mfalme François wa Kwanza aliuruhusu mji kuitumia picha hiyo kama nembo, na katika miaka ya 1980 mbunifu maarufu Philippe Starck aliichora upya.

Mwanajumuiya mwenzetu niliyekuwa naye, dada mmoja kutoka Sudan, aliangalia nembo ile kwa muda kisha akasema, "Kwa hiyo mnyama wetu amefungwa hapa miaka elfu mbili na hakuna aliyemfungua." Tulicheka, lakini maneno yale yamenikaa.

Na si mamba tu aliyetoka Afrika. Katika karne ya 8 mji huu ulikuwa kwa miaka kadhaa chini ya Waislamu waliovuka kutoka Hispania. Kwa muda mrefu ushahidi wa kuwepo kwao ulikuwa wa vitabuni tu. Mwaka 2016 watafiti walitangaza matokeo ya uchunguzi wa makaburi matatu yaliyofukuliwa Nîmes: maiti walilazwa kwa ubavu wa kulia, wakielekezwa Makka, na vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba kwa upande wa baba nasaba yao ni ya Afrika Kaskazini. Ni miongoni mwa makaburi ya Kiislamu ya zamani kabisa kujulikana Ufaransa. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiafrika anayedhani yeye ndiye wa kwanza kufika kule, apunguze mwendo.

Hekalu lililokuwa zizi

Katikati ya mji kuna jengo liitwalo Maison Carrée, maana yake nyumba ya pembe nne. Ni hekalu la Kirumi, na ni mojawapo ya mahekalu yaliyohifadhika vizuri zaidi katika dunia nzima. Lina nguzo 30, kumi zikiwa zimesimama peke yake barazani na ishirini zimeshikana na ukuta.

Kwa karne nyingi hakuna aliyejua lilijengwa kwa ajili ya nani. Maandishi yaliyokuwa mbele yake yalikuwa ya herufi za shaba, na shaba ile ilikwishang'olewa. Yalibaki matundu tu ya misumari. Basi mwaka 1758 msomi wa hapo hapo Nîmes, Jean-François Séguier, akakaa na matundu yale, akajiuliza ni herufi gani ingehitaji misumari mahali hapa na pale, mpaka akayasoma. Hekalu lilitolewa kwa heshima ya Gaius na Lucius Kaisari, wana wa Agrippa, ambao Augusto aliwalea kama warithi wake na wote wawili wakafa vijana. Ndiyo maana wataalamu wanaliweka hekalu hilo mwanzoni kabisa mwa karne ya 1 BK. Mimi kama mhandisi namheshimu sana Séguier: data yake yote ilikuwa ni matundu.

Sasa swali, kwa nini limebaki zima? Jibu ni kwamba halikuachwa tupu. Limekuwa kanisa, limekuwa nyumba ya baraza la mji, limekuwa makazi ya mtu binafsi, limekuwa zizi la farasi, likawa tena kanisa la watawa, baada ya Mapinduzi ya Ufaransa likawa ofisi ya serikali ya jimbo, halafu hifadhi ya nyaraka, halafu makumbusho. Kila aliyelishika alikuwa na sababu ya kuziba paa likivuja. Mtu anaweza kukasirika kwamba farasi walifungwa kwenye hekalu, lakini mwenye farasi hataki farasi wake wanyeshewe. Mwaka 2023 UNESCO iliiweka Maison Carrée kwenye orodha ya urithi wa dunia. Na Wamarekani nao waliiiga: Thomas Jefferson aliitumia kama mfano wa jengo la serikali ya jimbo la Virginia, kule Richmond.

Uwanja uliokuwa mtaa

Kutoka hapo ni mwendo wa dakika chache kwa miguu kufika kwenye uwanja wa Warumi, les Arènes. Ulijengwa mwishoni mwa karne ya 1 BK. Una urefu wa mita 133, upana mita 101, kimo mita 21, na matao 60 kwa kila ghorofa, ghorofa mbili. Inakadiriwa uliweza kuchukua watazamaji 24,000. Ngazi na njia zake zilipangwa hivi kwamba wakubwa walikaa chini karibu na mchezo, na watumwa na makabwela juu kabisa, wasikutane njiani. Kimahesabu ni kazi nzuri. Kibinadamu, wale waliokuwa chini kabisa, kwenye mchanga, walikuwa wakiuana ili watu wafurahi. Tusiisahau hiyo tunapopiga picha.

Dola ya Kirumi ilipoanguka, Wavisigothi waliugeuza uwanja kuwa ngome. Baadaye, Enzi za Kati, watu wakajenga nyumba humo ndani, ukawa mtaa kamili. Katika karne ya 18 walikuwa wanaishi humo watu kama 700, na nyumba zaidi ya 200, na makanisa. Fikirieni Mwembechai au Pumwani nzima ndani ya uwanja wa mpira, watu wanapika, wanafua, wanaoana. Mwanzoni mwa karne ya 19 ndipo serikali ilipowahamisha na kubomoa nyumba zile ili uwanja uonekane. Leo kuna matamasha ya muziki, na vilevile mapigano ya fahali ambayo kila mwaka yanazua ubishi mkubwa kati ya wanaoyapenda na wanaotetea wanyama.

Kwa hiyo hapa napo kisa ni kile kile. Ukuta wa uwanja ulikuwa ukuta wa nyumba ya mtu, na mtu habomoi ukuta wa nyumba yake.

Sasa tuje kwenye maji

Mji ulipokua, chemchemi ya Nemausus haikutosha. Warumi wakatafuta maji kwingine, wakayapata karibu na mji wa Uzès, kwenye chemchemi za Eure. Kutoka Uzès mpaka Nîmes, ukiruka kama ndege, ni kama kilomita 20. Lakini maji hayaruki. Katikati kuna vilima, kwa hiyo mfereji ulizunguka kufuata umbile la ardhi, ukafikia kilomita 50. Ulijengwa katikati ya karne ya 1 BK, na sehemu kubwa ulipita chini ya ardhi.

Hapa ndipo naomba wahandisi wenzangu wakae vizuri. Tofauti ya kimo kati ya chanzo na mwisho wa mfereji ni kama mita 12.6 tu. Gawanya kwa kilomita 50, unapata wastani wa sentimita 25 kwa kila kilomita. Chukua uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 100: kutoka goli hadi goli mfereji unashuka sentimita mbili na nusu. Na huo ni wastani. Kuna sehemu mteremko ni milimita 7 tu kwa mita 100. Hawakuwa na mashine ya leza wala setilaiti. Walikuwa na kamba, vijiti vya kulengea, na meza ndefu yenye mfuo wa maji juu yake ya kupimia usawa. Na maji yalifika. Wataalamu wengine wanakadiria hadi mita za ujazo 40,000 kwa siku, wengine huweka chini ya hapo. Kwa lugha ya Dar es Salaam, mita za ujazo 40,000 ni maboza 4,000 ya lita elfu kumi kumi, kila siku, bila mafuta wala pampu.

Kwenye bonde la mto Gardon maji yalihitaji kuvuka, ndipo likajengwa daraja la Pont du Gard, ambalo bila shaka mmeliona kwenye picha. Lina kimo cha karibu mita 49 na safu tatu za matao: 6 chini, 11 katikati, na juu zamani yalikuwa 47, sasa yamebaki 35. Tao kubwa kuliko yote lina upana wa mita 24.5. Mawe ya safu za chini yamekaa bila chokaa wala saruji, yamechongwa tu yakashikana kwa uzito wake, na mengine yana tani 6. Machimbo yenyewe yapo karibu, mita mia kadhaa tu kufuata mto. Ukikaribia utaona mawe yametokeza nje ya ukuta kama meno. Yalikuwa ya kushikilia jukwaa la mafundi, na waliyaacha. Mafuriko makubwa ya Septemba 2002 yalisomba madaraja ya kisasa katika eneo hilo, lakini lile halikutikisika.

Mjini Nîmes kwenyewe maji yalimwagika kwenye hodhi ya duara inayoitwa Castellum, upana wake mita 5.5 hivi. Wengi hupita bila kuiona, kwa sababu ipo tu kando ya barabara na haina kiingilio. Msiipite. Ukutani kuna matundu kumi, kila moja kama sentimita 40, yaliyopokea mabomba ya risasi kwenda mitaani, kwenye mabafu ya umma na chemchemi za barabarani. Sakafuni kuna matundu mengine matatu ya kutolea maji. Iligunduliwa mwaka 1844, na hodhi ya namna hiyo iliyobaki katika hali nzuri hivi, nyingine inayojulikana sana ni ile ya Pompeii. Nilikaa pale saa nzima, watu wakanishangaa, lakini kwa mtu wa fani yangu pale ni kama kuzuru kaburi la sharifu.

Mfereji ulikufaje?

Maji ya Eure ni mazuri lakini yana chokaa nyingi. Wale waliozoea birika la chai lililogandiwa na utando mweupe ndani wanajua ninachosema. Kidogo kidogo chokaa ile ilijijenga kwenye kuta za mfereji. Maadamu kulikuwa na watu wa kuingia, kukwangua, kuziba nyufa na kukata mizizi, maji yalipita. Mfereji ulikuwa hata na matundu ya kushukia mafundi.

Kuanzia karne ya 4 hivi, dola ilipodhoofika, kazi hiyo ikaanza kulegea. Wataalamu wanaisoma historia hii kwenye chokaa yenyewe, safu kwa safu, kama mtu anavyosoma pete za mti. Safu za mwanzo ni safi. Za baadaye zina uchafu na alama za mizizi, ishara kwamba vifuniko vilikwishavunjika na hakuna aliyevirudishia. Mahali pengine chokaa imefikia unene unaokaribia nusu mita, katika mfereji ambao upana wake wote ni kama mita 1.2. Kufikia karne ya 6 ulikuwa umekwisha. Hakuna adui aliyekuja kuuvunja. Ulikufa kama mtu anavyokufa kwa mshipa wa damu ulioziba.

Halafu tazameni ajabu. Pont du Gard, ambalo ni kipande tu cha mfereji ule, lilibaki. Kwa nini? Kwa sababu watu waligundua kwamba linafaa kuvukia mto, na waliolisimamia wakatoza ushuru. Nguzo za safu ya pili zilichongwa ili mikokoteni ipite, kitendo cha hatari, na baadaye zikatengenezwa. Kati ya 1743 na 1747 ndipo ilipojengwa barabara mpya ubavuni mwake, na mhandisi aliyesimamia ni Henri Pitot. Waliosoma mwendo wa vimiminika wamelitambua jina: ndiye aliyebuni kile kibomba cha kupimia kasi ya maji, ambacho leo kipo kwenye kila ndege inayotupeleka nyumbani. Kwa hiyo kipande chenye mtu wa kukihitaji na kukigharamia kilidumu, na kilomita nyingine zikafukiwa, mawe yakabebwa kujengea nyumba.

Vita, nguo na mafuriko

Karne zilizofuata nitazipita haraka. Katika karne ya 16 watu wengi wa Nîmes walifuata Uprotestanti, na chuki za dini zikamwaga damu. Mwaka 1567, kwenye sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, Waprotestanti waliua makumi ya Wakatoliki na kutupa maiti kisimani. Mwaka 1685 Mfalme Louis wa 14 naye akapiga marufuku Uprotestanti, na miaka miwili baadaye ikaanza kujengwa ngome ya kuwachunga wakazi. Ngome ile baadaye ikawa gereza, na siku hizi ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Nîmes. Wanafunzi wanasoma walipofungwa watu, tena hatua chache tu kutoka kwenye Castellum.

Mji ukajikita kwenye ufumaji. Bustani nzuri ya Jardins de la Fontaine, iliyojengwa kuanzia miaka ya 1740 palipo na ile chemchemi ya Nemausus, mwanzoni ilikuwa mradi wa kupanga maji kwa ajili ya wenye viwanda vya nguo na rangi. Kitambaa kigumu cha hapo kiliitwa "serge de Nîmes", na inaelezwa kwamba kutokana na "de Nîmes" ndipo likapatikana neno denim, yaani kitambaa cha jinzi. Wapo wataalamu wanaobishia kidogo njia ya neno hilo, lakini Nîmes hawataki kusikia. Kwa hiyo ile jinzi uliyonunua mitumbani Gikomba au Karume ina jina la mji huu.

Maji, hata hivyo, hayakumalizana na Nîmes. Asubuhi ya tarehe 3 Oktoba 1988 ilinyesha mvua ambayo kwa saa chache ilifikia, sehemu nyingine, zaidi ya milimita 400. Dodoma kwa mwaka mzima hupata chini ya 600. Mji una makorongo makavu, wenyewe huyaita "cadereaux", yanayoshusha maji ya vilimani mvua ikinyesha. Mji ulipopanuka makorongo hayo yalifunikwa, yakawa barabara, watu wakasahau kwamba yapo. Maji hayakusahau. Yaliteremka katikati ya mji, yakabeba magari kama makopo, na watu tisa walipoteza maisha mjini humo. Tangu hapo wametumia fedha nyingi kupanua njia za maji chini ya barabara na kujenga mabwawa ya kuyashikilia juu kabla hayajafika mjini. Watu wa Jangwani na Msimbazi wameielewa sentensi hii bila maelezo.

Na sisi je?

Nilikulia Upareni. Kwetu milimani kuna ndiva, mabwawa madogo ya kukusanya maji ya kijito usiku ili mchana yafunguliwe kwenye mifereji kwenda mashambani. Hakuna saruji wala pampu. Babu zetu walifuata umbile la mlima kama Warumi walivyofuata. Ndiva inaishi kwa sababu ya msaragambo: siku ikitangazwa, kila kaya inayokunywa maji yale inatoa mtu mwenye jembe, tope linatolewa, mfereji unazibwa. Asiyetokea hulipa faini, na zamu yake ya maji inajulikana.

Kijiji hicho hicho kililetewa mradi wa bomba nilipokuwa darasa la nne. Utepe ulikatwa, ngoma zilichezwa, na bamba la jina la mfadhili likabandikwa. Baada ya miaka michache valvu iliharibika. Hakukuwa na mtu aliyeachiwa spana, wala mfuko wa kununulia valvu. Bamba bado lipo, linang'aa. Maji tunaendelea kuyapata kwenye ndiva.

Nilipokuwa nimesimama kando ya Castellum niliyaona yote mawili. Vyuo vyetu huku vinatufundisha kusanifu na kujenga, na tunapewa alama kwa hilo. Somo la nani atakwangua chokaa mwaka wa 50, na atalipwa na nani, mara nyingi ni ukurasa mmoja mwishoni. Sikatai ujenzi mkubwa. Lakini siku ukikabidhiwa mradi nyumbani, kabla ya kuuliza tenda ni shilingi ngapi, uliza jina la mtu atakayebaki na spana. Kama hayupo, mradi huo umri wake unajulikana.

Ukitaka kwenda

Kutoka Paris treni ya kasi inachukua kama saa tatu. Kata tiketi mapema, bei hupanda siku zikikaribia. Kuna tiketi ya pamoja ya uwanja, Maison Carrée na Tour Magne, na wanafunzi hupunguziwa, kwa hiyo beba kitambulisho. Mkabala na uwanja kuna jumba la makumbusho la Musée de la Romanité, lililofunguliwa mwaka 2018. Pont du Gard ipo nje ya mji na basi lipo, ila angalia saa ya basi la kurudi, usije ukalala na Warumi. Kiangazi jua ni kali kweli. Bustani ya chemchemi ni bure, na Castellum nayo ni bure.

Atakayekwenda atuandikie katika toleo lijalo. Na wale wa fani nyingine, za sheria, uchumi na utabibu, nitafurahi kusikia katika fani zenu nani anaachiwa spana.